Shaba, Maji na Vipimo Viwili

Sisi watoto wa Kolwezi tumezaliwa katika nchi ya shaba. Babu zetu waliijua tangu zamani sana. Waliyeyusha mawe yake katika tanuru za udongo, kwa makaa na mivukuto, wakamimina misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière iliundwa, na mwaka 1910 reli iliyotoka kusini ilifika Lubumbashi. Kule kusini, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Waingereza walipima uzito kwa ratili na joto kwa digrii za Fahrenheit. Huku Katanga, Wabelgiji walipima kwa kilo na kwa digrii za Celsius. Shaba ilikuwa ile ile. Vipimo ndivyo vilivyotengwa na mpaka. Siku hizi Zambia nayo hupima kwa kilo, lakini vitabu vya zamani vya Kiingereza vingali vikisomwa.

Sikilizeni sasa habari ya kijana mmoja na mjomba wake.

Mjomba huyo alikuwa fundi wa kufua shaba. Shaba ikigongwa sana huwa ngumu, mwisho hupasuka. Kwa hiyo fundi huipasha moto mpaka ianze kuwa nyekundu, halafu huitia majini. Ikitoka humo ni laini tena.

Siku moja mjomba alikuwa na kilo 10 za shaba, zenye joto la digrii 540 za Celsius. Akamwambia kijana, "Mwanangu, maji yetu yana digrii 20. Nataka yasipite digrii 40, nipate kuitoa shaba kwa mkono. Nipigie hesabu: nitie lita ngapi?"

Kijana akafungua kitabu cha Kiingereza, akasoma kwamba joto maalumu la shaba ni 0.092. Akawaza, "Kipimo hiki ni cha ratili. Ratili moja ni kilo 0.4536. Lazima nizidishe." Akazidisha, akapata 0.042. Akaendelea na hesabu yake, kisha akasema, "Mjomba, lita kumi na nusu zinatosha."

Mjomba akatikisa kichwa. "Mwanangu, ningekusikiliza ningeungua. Keti, tuhesabu pamoja."

Joto maalumu ni nini? Ni kiasi cha joto kinachotakiwa ili uzito mmoja wa kitu upande digrii moja. Joto la kupandisha kilo moja ya maji kwa digrii moja ya Celsius huitwa kilokalori. Joto la kupandisha ratili moja ya maji kwa digrii moja ya Fahrenheit huitwa Btu. Mwaona? Pande zote mbili zimeanza na maji, na pande zote mbili maji ni 1. Shaba ni 0.092, yaani huhitaji joto pungufu kidogo ya sehemu moja ya kumi ya lile la maji. Ndiyo sababu shaba hupata moto upesi, na maji hukawia.

Fikirini mama apikapo bukari. Akipima unga kikombe kimoja, hutia maji vikombe viwili. Jirani akipima unga bakuli moja, hutia maji bakuli mbili. Chombo kimebadilika, lakini mbili imebaki mbili. Na shaba ni vivyo hivyo.

Tuhakikishe kwa hesabu. Ratili ni gramu 453.6. Digrii moja ya Fahrenheit ni 5/9 ya digrii ya Celsius. Basi:

453.6 × 5/9 = 252

Kwa hiyo Btu moja ni kalori 252. Tukizigawa kalori 252 kwa gramu 453.6 na kwa 5/9 ya digrii, twapata 1. Kijana alibadili uzito peke yake, akasahau joto na digrii. Ukibadili kimoja, badili vyote vitatu. Ukivibadili vyote, namba hurudi ile ile.

Sasa hesabu ya kweli. Shaba itashuka kutoka digrii 540 hadi 40, yaani digrii 500:

10 × 0.092 × 500 = kilokalori 460

Kila kilo ya maji itapanda digrii 20. Basi 460 ÷ 20 = 23. Zatakiwa lita 23. Kwa lita kumi na nusu, maji yangefika karibu digrii 62, na mkono ungeungua.

Lakini angalieni! Leo vitabu vingi hupima joto kwa juli. Hapo namba hubadilika, kwa sababu juli haikuanza na maji. Kilokalori moja ni juli 4,187 hivi. Ili kutoka kipimo cha Kiingereza kwenda juli kwa kilo kwa digrii ya Celsius, zidisha kwa 4,187:

0.092 × 4,187 = 385

Hilo ndilo joto maalumu la shaba kwa juli. Kurudi nyuma, gawanya kwa 4,187.

Kijana akafuta hesabu yake, akajaza pipa lita 23. Mjomba akatia shaba. Maji yakalia, yakatulia. Kisha akaingiza mkono, akaitoa shaba salama. Akasema, "Kabla ya kuzidisha, uliza kwanza: namba hii imepimwa kwa nini?"

Maswali

1. Kwa nini namba 0.092 haibadiliki tutokapo ratili kwenda kilo?
2. Kijana alikosea wapi?
3. Joto maalumu la alumini kwa kipimo cha Kiingereza ni 0.215. Ni juli ngapi kwa kilo kwa digrii ya Celsius?
4. Joto maalumu la risasi ni juli 130. Ligeuze liwe kipimo cha Kiingereza.
5. Kilo 5 za shaba zinashuka kutoka digrii 540 hadi 40. Maji yana digrii 20, nayo yasipite 40. Zatakiwa lita ngapi?