Ndoo Mlangoni, Madirisha Yamefungwa: Somo kwa Kamati za Sharika

Somo la robo hii kutoka ofisi ya miradi ya dayosisi linahusu namna ya kujikinga na kuwakinga wengine pale ugonjwa wa virusi unaoenea kwa njia ya hewa unapoingia katika eneo letu. Wapo watakaosema kwamba mambo ya corona yamepita. Ni kweli, tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura, lakini halikusema kwamba virusi vyenyewe vimekwisha. Mafua makali yapo, surua ipo, na mwingine tusioujua unaweza kuja. Tumeona ni vema tujifunze sasa, wakati hakuna hofu.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Mgonjwa wa kwanza wa corona hapa Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, akiwa Arusha. Katika majuma yaliyofuata ofisi yetu ilifanya kile ambacho karibu kila mtu alifanya. Tulinunua ndoo zenye koki, mabeseni na sabuni, tukazisambaza katika sharika, tukapiga picha na kuwatumia wafadhili. Ndoo hupendeza kwenye picha. Hakuna anayepiga picha ya dirisha lililofunguliwa.

Katika usharika mmoja wa mlimani, ambako mwezi wa Juni na Julai baridi huuma kwelikweli, kwaya iliendelea na mazoezi ya jioni katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Ndoo yetu ilikuwa mlangoni na kila mwanakwaya alinawa. Kisha walifunga mlango na madirisha kwa sababu ya baridi, wakaimba kwa saa mbili. Baada ya juma moja hivi wengi walikuwa wanakohoa, na Jumapili safu ya besi ilikuwa tupu. Mzee mmoja wa kanisa, mwenye kisukari, aliyeimba besi tangu ujana wake, alipelekwa hospitali akishindwa kupumua, na hakurudi nyumbani. Hakupimwa, kwa hiyo hatuandiki hapa jina la ugonjwa uliomchukua. Tulimzika. Hata msibani ndoo yetu ilikuwepo.

Baadaye tulisoma habari za kwaya nyingine, ya mbali sana na sisi. Tarehe 10 Machi 2020, katika mji wa Mount Vernon, jimbo la Washington nchini Marekani, waimbaji 61 wa Skagit Valley Chorale walifanya mazoezi ya saa mbili na nusu katika ukumbi wa kanisa. Walikuwa waangalifu kadiri walivyojua: dawa ya kutakasa mikono iliwekwa, na watu waliepuka kukumbatiana. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua ya kawaida. Jumla ya watu 53 waliugua au walidhaniwa kuugua, na 2 walifariki. Mikono yao ilikuwa safi.

Virusi hivi husafirije?

Mtu anapopumua, kuongea, kukohoa au kuimba hutoa matone ya maji. Makubwa huanguka karibu, mita moja au mbili. Madogo kabisa hayaanguki upesi, bali huelea kama moshi wa kuni jikoni. Kila mama anaujua moshi huo: ukifunga dirisha unajaa hadi kwa aliyekaa kona ya mbali, na ukifungua madirisha ya pande mbili unatoka. Kuimba na kuhubiri kwa sauti kubwa hutoa matone mengi kuliko kukaa kimya. Virusi vya surua vinaweza kubaki katika hewa ya chumba hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka.

Tusijilaumu kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani lenyewe mwezi Machi 2020 liliwaambia watu kwamba corona haienei kwa hewa, likaja kubadili maelezo yake mwaka 2021. Wala hatusemi ndoo zitupwe. Kunawa kwa sabuni huzuia kuhara na kipindupindu, na husaidia hata kwa mafua. Tunachosema ni kwamba ndoo peke yake haikutosha.

Basi kamati ianze na madirisha. Makanisa yetu mengi mapya yana vioo vizuri visivyofunguka. Tulivijenga sisi wenyewe, kwa michango yetu na ya marafiki zetu. Mengine hufunguka lakini yamepigiwa misumari kwa kuogopa wezi. Bawaba, komeo na wavu ni vitu vya fundi wa kawaida. Hewa ipite kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ugonjwa ukishaingia, kwaya ifanye mazoezi nje, ibada ifupishwe, na msiba ukae chini ya turubai lisilo na kuta. Barakoa ifunike pua pia. Ya kidevuni haimkingi mtu.

La pili ni gumu kuliko bawaba. Mtu aweza kuambukiza corona siku mbili kabla hajaona dalili yoyote, lakini anayekohoa tayari anajijua. Kwa nini basi anakuja? Kwa sababu ni mzee wa zamu na hakuna wa kumpokea. Kwa sababu mama mmoja alipokaa nyumbani kwa kikohozi Jumapili tatu, tulisikia watu wakisema amepoa kiroho. Hapo sisi viongozi ndio tuliomrudisha kanisani na kikohozi chake.

Nyumbani, mgonjwa apewe chumba chake ikiwezekana, dirisha likiwa wazi, na ahudumiwe na mtu mmoja mwenye nguvu, wote wawili wakivaa barakoa. Bibi na babu wasiwe wauguzi. Kujifukiza hakuui virusi mwilini. Tumeona watoto waliobabuliwa na maji ya moto, na watu watatu wakishiriki blanketi moja. Akipumua kwa shida, akibanwa kifua, akichanganyikiwa au midomo ikibadilika rangi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na chanjo tusizichelewe: ya surua na rubela watoto wetu huipata wakiwa na miezi 9 na tena miezi 18.

Wengine waliuliza kama kuvaa barakoa si upungufu wa imani. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, chuo kikuu kilihamishiwa Jena, lakini Martin Luther alibaki kuwahudumia wagonjwa. Mwaka huo huo aliandika barua kwa Johann Hess, mchungaji wa Breslau, kuhusu suala la kukimbia tauni. Aliwataka wenye wajibu kwa watu wasiwaache. Lakini aliwakemea pia waliodharau dawa na kujichanganya na watu ovyo, akiona kwamba huko ni kumjaribu Mungu. Yeye mwenyewe alikusudia kufukiza nyumba, kutumia dawa, na kutokwenda mahali asipohitajika, asije akawaambukiza wengine.

Kwa marafiki wanaotuchangia: mkiona katika bajeti ijayo fungu la bawaba na nyavu, ndilo hili.

Tunaomba kila kamati ijadili maswali haya na kutuletea majibu kabla ya toleo lijalo. Madirisha mangapi ya kanisa lenu yanafunguka leo, si kwenye ramani? Nani anampokea mzee wa zamu akiamka na kikohozi Jumapili asubuhi? Na asiyefika kwa ugonjwa, nani atampigia simu siku hiyo hiyo?