Magamba ya Ngozi na Unene wa Mwili



Katika Walawi 13 kuhani aliagizwa kuitazama ngozi ya mgonjwa kwa makini, hata siku saba, ndipo atoe neno. Lakini sisi tukiona mabaka yaliyoinuka, yenye magamba meupe, juu ya viwiko, magoti au kichwa cha mtu, pengine twanena upesi: Huyu ana ukoma. Kisha twaogopa kunywea kikombe cha Meza ya Bwana baada yake. Yatupasa kujifunza.

Neno la kwanza. Ugonjwa huo waganga wa hospitali huuita soriasisi. Si ukoma, wala hauambukizi kwa mkono, kwa nguo, wala kwa kikombe. Nguvu za mwili zipiganazo na maradhi hukosea njia, zikaihimiza ngozi. Nayo ngozi ambayo hufanywa upya kwa muda wa kama mwezi mmoja, hufanywa kwa siku chache, ikarundikana.

Neno la pili. Mafuta ya tumboni si mzigo tu. Hutoa vitu viletavyo uvimbe mwilini, kama kuni zitiwazo motoni. Kwa hiyo watu wanene hupatwa zaidi, na magamba yao huwa mengi. Tena mgonjwa aweza kunenepa, kwa kuwa viungo vyamwuma, na haya humfungia nyumbani. Walakini tusiseme ni adhabu ya ulafi: wembamba pia huupata, na mara nyingi hurithiwa katika jamaa.

Neno la tatu. Ugonjwa huu hauondoki kabisa, lakini hutulizwa. Mgonjwa aliye mnene apunguze sukari katika chai, maandazi na vitu vya kukaanga. Ale samaki wa kuchemsha, kunde na mboga. Atembee kila siku. Uzito ukipungua, magamba nayo hupungua, na dawa hufanya kazi vema zaidi. Wala asiache dawa. Aende zahanati, naye ataelekezwa hospitali ya Bombo mjini Tanga, au KCMC huko Moshi, ambako tangu mwaka 1992 kuna chuo cha waganga wa ngozi.

Bwana Yesu alinyosha mkono, akamgusa mwenye ukoma. Je, sisi tutamkimbia ndugu ambaye ugonjwa wake hauwezi kutupata? Walimu, lifundisheni neno hili kabla ya Chakula cha Bwana, ili asiwepo anayebaki nje kwa hofu yetu.