Kabla Fundi Hajaigusa PS Yako

Kwenye vituo vya biashara kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale, Misikhu ikiwemo, kibanda cha PS, yaani PlayStation, ni biashara inayolisha watu. Televisheni mbili tatu, benchi, pedi zilizolika pale vidole gumba vinapokaa, na vijana wanaolipa kwa mechi. Mwenye kibanda mara nyingi si mtu wa kompyuta. Mashine aliinunua mkono wa pili, labda kutoka maduka ya Luthuli jijini Nairobi, labda ilikuja na jamaa aliyetoka Ulaya. Siku moja anasikia kuna fundi anayeweza kuifungua ili icheze gemu bila diski, zikae gemu nyingi ndani ya mashine moja na asinunue hata moja. Anampelekea. Jioni anarudishiwa mashine ambayo taa inawaka na feni inazunguka, lakini kwenye televisheni hakuna picha yoyote.

Mashine ya namna hiyo haikuungua. Imepoteza programu inayoiamsha, na kuirudisha ni kazi kubwa kuliko ile iliyoiua. Mwenye kibanda anapaswa kuelewa jambo hili kabla hajatoa mashine yake, na mzazi ambaye mwanawe anasoma maelekezo ya kufungua PS kwenye simu naye anapaswa kulielewa.

Ndani ya PS3 kuna kumbukumbu ndogo iliyolehemewa kwenye bodi. Haihusiani na ile diski kubwa inayohifadhi gemu. Katika matoleo mengi ya PS3 kumbukumbu hiyo ni megabaiti 16 tu, ingawa zile za mwanzo kabisa zilikuwa na 256. Humo ndimo inamokaa famweya, yaani programu ya msingi inayoiambia mashine la kufanya tangu kitufe kinapobonyezwa. Kipande cha kwanza kinasomwa, nacho kinakagua muhuri wa kidijitali wa kipande kinachofuata, hicho nacho kinakagua cha mbele yake, hadi picha itokee. Muhuri ukikosewa au kipande kikiwa nusu, mashine inasimama hapo hapo. Haiwezi hata kukuandikia kosa kwenye televisheni, kwa sababu programu ya kuchora maandishi hayo iko mbele ya pale ilipokwama. Ndiyo maana mtu anaona giza tupu na kudhani waya wa HDMI umeharibika.

Kufungua PS3 kwa njia ya kudumu maana yake ni kuandika upya kumbukumbu hiyo. Hapo ndipo hatari yote ilipo.

Namba iliyo kwenye kibandiko

Geuza mashine yako utafute kibandiko chenye namba inayoanza na CECH. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazoamua mambo, na fundi asiyeziangalia kabla ya kuanza hafai kuachiwa mashine.

Sababu yake ina historia. Tarehe 1 Aprili 2010 Sony, wenye kutengeneza PS, walitoa toleo 3.21 la famweya, wakaondoa uwezo ambao wateja walikuwa wameulipia wa kuweka Linux kwenye PS3. Watundu wa kompyuta waliudhika. Desemba mwaka huo kundi la fail0verflow lilieleza katika kongamano la Berlin kwamba Sony walikuwa wamekosea katika kutengeneza mihuri yao: namba iliyopaswa kubadilika kila mara ilikuwa ile ile. Januari 2011 Mmarekani George Hotz alichapisha ufunguo mkuu wa mashine hiyo. Sony walimshtaki, na kesi ikamalizwa kwa mapatano miezi michache baadaye. Mwezi huo huo wa Januari walitoa toleo 3.56 ili kuziba tundu.

Kwa hiyo PS3 nene za zamani na zile nyembamba za namba 2000 na 2100 zinakubali famweya isiyo rasmi. Namba 2500 ziko mpakani: zile zilizotoka kiwandani zikiwa na toleo 3.56 au la chini zinakubali, zilizotoka na la juu zaidi hazikubali. Namba 3000, na zile ndogo za namba 4000 ambazo mfuniko wake husukumwa kwa mkono, hazikubali kabisa. Hizo zina njia nyingine iitwayo HEN, ambayo huwashwa upya kila mashine inapozimwa na haibadilishi ile kumbukumbu ya msingi kwa namna ile. Ukiilazimisha mashine ya namba 4000 ipokee famweya iliyotengenezewa namba 2000, umeiua. Mashine nyingi hufa kwa kosa hili, nalo linazuilika kwa kusoma kibandiko.

Kosa la pili lina sura ya wema. Fundi akishaona mashine imekufa, anatafuta nakala ya kumbukumbu kutoka PS3 nyingine ya namba ile ile na kuimimina yote kwenye iliyokufa. Haiwezi kuwaka hivyo. Kila PS3 ina funguo zake za pekee zilizofungamanishwa na kichakataji chake, na baadhi ya data katika ile kumbukumbu inasomeka kwa funguo hizo tu. Nakala ya jirani haikusaidii hata kama mashine ni pacha. Tena ukishaandika juu ya data yako ya asili bila kuiweka mahali, umepoteza kitu ambacho hakuna duka linalokiuza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa, kabla ya kubadilisha chochote, ni kunakili kumbukumbu nzima ya mashine yako yenyewe, kuinakili mara mbili, na kulinganisha nakala hizo kuona kama zinafanana hadi baiti ya mwisho. Zikitofautiana, usomaji una kasoro na kazi isiendelee. Nakala moja ikae kwako, kwenye flashi yako. Megabaiti 16 ni ndogo kuliko picha chache za simu. Fundi mwenye vifaa akiwa na nakala hiyo anaweza kuifungua bodi, kushika miguu ya chipu ya ile kumbukumbu kwa klipu au kulehemu nyaya nyembamba, na kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Asipokuwa nayo anabahatisha.

Stima, flashi na faili za kuokota

Kuandika famweya huchukua dakika chache. Katika dakika hizo chipu hufutwa kwanza, kisha huandikwa. Stima ikipotea katikati, mashine inabaki na ukurasa uliofutwa ambao haujajazwa. Yeyote aliyeishi Bungoma anajua mvua za huku huja alasiri na radi zake, na stima huondoka pamoja nazo. Kazi hii ifanywe asubuhi mbingu ikiwa safi, mashine ikiwa imechomekwa kwenye UPS yenye betri nzima, wala si kwenye kebo ya kuungaunga inayotumiwa pia na pasi na saluni ya jirani. Usizime mashine kwa hofu eti imekwama. Skrini nyeusi kwa muda mfupi wakati wa kusasisha ni jambo la kawaida.

Flashi nayo ni chanzo cha vifo vingi. Flashi za bei ya chini zinazojitangaza kuwa na ukubwa ambao hazina huandika faili nusu bila kulalamika. Weka faili, kisha lilinganishe na namba ya uthibitisho inayotolewa na waliolitengeneza. Zikihitilafiana hata kwa herufi moja, faili hilo lifute.

Kisha kuna mafaili ambayo yaliandikwa makusudi ili yaue. Oktoba 2005 ilienea programu iliyodai kuishusha PSP, mashine ya mkononi ya Sony, kutoka toleo 2.0 hadi 1.5 ili icheze gemu za nje. Ilichofanya ni kufuta mafaili ya msingi ya mfumo, na mashine hazikuwaka tena. Mwaka 2014 waliokuwa wakiuza kifaa cha Gateway cha kufungulia Nintendo 3DS waliweka ndani ya programu yao sehemu ya kuua mashine za watu waliotumia vifaa bandia vya kuwaiga, na baadhi ya wateja walionunua kifaa halisi wakalalamika kwamba zao zimekufa pia. Mtu aliyeandika programu ya kuvunja kufuli hana dhamana ya kukupa wala ofisi ya kwenda kumlalamikia. Faili lililorushwa kwenye kundi la WhatsApp bila jina la aliyelitengeneza usilitie kwenye mashine yako, hata kama aliyelirusha ni rafiki na kwake lilifanya kazi.

PS4 ni habari tofauti kidogo. Ufunguaji wake unaojulikana hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, kwa hiyo mashine ikizimwa kabisa unaondoka, na uwezekano wa kuiua ni mdogo. Kinachoamua ni toleo la famweya. Toleo 9.00 lilipatiwa njia mwishoni mwa 2021, toleo 11.00 mwaka 2024. Mashine iliyokwisha kupanda juu ya toleo lenye njia hairudi chini kwa kubonyeza vitufe, na mtu anayekuahidi kuishusha kwa faili la flashi ama hajui ama anakudanganya. Wapo wanaoishusha kwa kufungua bodi na kuichezea chipu. Hapo hatari inarudi yote.

Ikizima

Acha. Usirudie kuweka faili lile lile, usijaribu lingine, usiizime na kuiwasha mara nyingi. Mashine nyingi zilizokuwa zinaokoleka huuawa na jaribio la pili.

Kwanza hakikisha ugonjwa ni wa programu. PS3 inayowaka taa ya kijani, ikapita ya njano, kisha ikamweka nyekundu, kwa kawaida inaumwa bodi: joto, vumbi, au viungo vya chini ya chipu. PS4 inayopigapiga taa ya bluu bila kufika nyeupe mara nyingi iko hivyo hivyo. Hizo si kazi za flashi, na fundi anayetaka kuiwekea famweya mashine ya aina hiyo hajaipima.

Ikiwa taa ni ya kawaida lakini picha haiji, jaribu mlango wa dharura ambao Sony wenyewe waliuweka. Kwa PS4, zima mashine kabisa, bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie hadi usikie mlio wa pili, baada ya sekunde saba hivi. Unganisha pedi kwa waya, maana bila waya haitaitika. Kwa PS3, shikilia kitufe hadi mashine iwake na kuzima yenyewe, kisha kishikilie tena hadi usikie milio miwili ya haraka iliyofuatana. Ukipata orodha kwenye skrini, mashine yako haijafa. Chagua kwanza kupanga upya hifadhidata, ambako hakufuti gemu. Ikishindikana, weka famweya rasmi ya Sony kutoka kwenye flashi ya mfumo wa FAT32: kwa PS3 ndani ya folda PS3 kisha UPDATE, faili likiitwa PS3UPDAT.PUP, kwa PS4 ndani ya PS4 kisha UPDATE, likiitwa PS4UPDATE.PUP. Herufi hizo ziandikwe kubwa vivyo hivyo. Kuwa mwangalifu na chaguo la kurudisha mfumo mzima, kwa maana linafuta kila kitu kilicho kwenye diski, pamoja na ligi ambazo wateja wamezichezea miezi.

Orodha isipotokea, imebaki kazi ya klipu na nakala yako ya asili. Ndipo utakapojua thamani ya zile megabaiti 16.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakataza kuvunja kufuli za kiteknolojia zinazolinda kazi za watu, na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ndiyo inayoisimamia. Kibanda kinachotoza pesa kwa gemu za wizi kiko mahali pabaya zaidi kuliko mtoto anayecheza nyumbani. Mashine iliyofunguliwa ikiingia kwenye mtandao wa Sony inaweza pia kufungiwa moja kwa moja, na atakayeinunua kwako atakuja kukudai. Kwa maoni yangu, mtu mwenye mashine moja, na ndiyo inayolipa karo, asiifungue. Diski mbili za mpira za mkono wa pili zinajaza kibanda Jumamosi nzima.

Ukiamua kumpelekea fundi, hata kwa kazi ya kawaida ya kusafisha vumbi, usiondoke bila karatasi. Iandikwe namba iliyo kwenye kibandiko, CECH kwa PS3 au CUH kwa PS4, namba ya pekee ya mashine, toleo la famweya lililomo, hali yake ulipoileta, kazi uliyoagiza na bei mliyokubaliana. Piga picha mashine ikiwa inawaka mbele yake. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mlaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja bila kukulazimisha kuajiri wakili. Lakini ukumbuke kwamba hakimu ataisoma karatasi hiyo, na kama kazi uliyoagiza ilikuwa kuvunja kufuli, usitegemee sana kulipwa. Agiza kazi ambayo hutaona haya kuisoma kwa sauti mbele ya mahakama.