Idara ya Chuo Kikuu Hujiendesha Vipi?

Ati mhadhiri hufundisha apendavyo? Wengi wetu chamani twadhani hivyo, lakini sivyo. Hata mkuu wa idara haamui peke yake. Wahadhiri hukaa kikao wakagawana kazi: hawa mtaala, wale mitihani, wengine wanafunzi wa uzamili. Jambo zito hupanda hadi bodi ya kitivo, kisha seneti, ambayo mwenyekiti wake ni makamu wa chansela.

Mwendo wa kobe, sivyo? Lakini hebu tazameni ya Nairobi mwaka 1968, chuo kikiwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwezi wa Septemba kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza aliiletea bodi ya kitivo cha sanaa mapendekezo kuhusu maendeleo ya kitivo hicho. Tarehe 24 Oktoba wasomi watatu, Ngugi wa Thiong'o (wakati huo James Ngugi), Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, wakajibu kwa waraka: Idara ya Kiingereza ivunjwe! Afrika iwekwe katikati, fasihi simulizi isomwe, nacho Kiswahili kipewe nafasi yake. Mimi naona ujasiri wao ulikuwa hapo, kuipeleka hoja mezani penyewe ambapo wangeweza kupingwa. Na walipingwa kweli kweli, mjadala ukawa moto. Hatimaye Idara ya Fasihi ikazaliwa.

Moto huo ulifika hata kwetu. Mwaka 1974 walimu wa shule na wahadhiri walikutana Nairobi School kujadili jinsi fasihi ya Kiafrika itakavyofundishwa katika shule za upili.