Mti wa Maua Mbele ya Nyumba

Mwenye nyumba katika Meru au Embu atakaye kupamba kiwanja chake kwa mti wa maua, yafaa afikiri kwanza ukubwa utakaofikia. Mjakaranda, uliotoka Amerika ya Kusini, hupendeza kwa maua yake ya zambarau, lakini huweza kupita futi 40. Kibobakasi, wenye maua mekundu kama moto, matawi yake huvunjika upesi kwa upepo. Mringaringa, ambao Wameru huuita muringa, ni mti wa nchi hiyo hiyo: maua yake meupe huvuta nyuki, na mbao zake hufaa kwa mizinga na samani. Hata hivyo, wote hauna budi kupandwa mbali na nyumba. Mche ni mdogo leo. Lakini ukisha kukua, tawi likatikalo usiku litawaangukia watoto waliolala.