Ubao Usio na Jina: Msamiati wa Kitanda cha Saraka Khayega

Fundi wa Khayega, kwenye barabara itokayo Kakamega kwenda Kisumu, anayeunda kitanda kizito chenye saraka karakanani nyumbani kwake, hana haja ya kuazima maneno mengi. Miguu ni matendegu. Mbao ndefu za ubavuni ni mifumbati. Fupi zinazoiunganisha, mchagoni na miguuni, ni vitakizo. Godoro hulala juu ya chaga.

Utata huanzia mvunguni. Mvungu, kwa maana yake ya asili, ni nafasi wazi. Hapa umejazwa saraka. (Mtaka cha mvunguni angali huinama, ila sasa huvuta.) Mfumbati unapopunguzwa upana ili saraka zipite, uzito wa walalaji huhamia kwenye ubao wa kati unaosimama sakafuni chini ya chaga. Ubao huo ukilegea, chaga hubonyea na saraka hukwama. Hata hivyo hauna jina katika orodha hiyo, kwani kitanda cha pwani kilichowambwa kwa kamba hakikuuhitaji. Kuuita tendegu ni kupotosha, maana tendegu hukaa pembeni. Mhimili, neno la waashi na maseremala wa mapaa, lafaa zaidi: hubeba bila kuonekana.