Kaunta ya jibini isikutishe: maswali matatu ya kubeba

Sisi wa Lipangalala mtindi tunaujua. Tunaujua uliolala siku moja na ule uliochachuka mpaka unakunja uso, na hakuna anayeona aibu kumuuliza mama anayeuza, "Huu wa lini?" Lakini mwanachuo huyohuyo akienda Dar kwa ajili ya fild, akasimama mbele ya friji la vioo lililojaa jibini, anakuwa bubu. Yalishanikuta. Nilisoma majina kama mtu anayetafuta namba yake kwenye matokeo, kisha nikaondoka na soda.

Jibini ni maziwa yaliyogandishwa yakapunguzwa maji, basi. Lita 10 za maziwa ya ng'ombe hutoa takriban kilo 1 ya jibini ngumu, ndiyo maana bei inauma. Majina mengine ni ya mahali tu: Cheddar ni kijiji cha Uingereza, Gouda ni mji wa Uholanzi. Jina peke yake halikusaidii. Uliza haya:

1. Imekaa muda gani?
Mozzarella na ricotta huliwa zikiwa mbichi: laini, zenye majimaji, ladha ya upole. Inayokaa huwa ngumu na kali. Parmigiano-Reggiano hukaa angalau miezi 12. Hapa kuna habari njema kwa wale ambao maziwa huwajaza gesi. Mara nyingi tatizo ni laktosi, sukari ya maziwa. Nyingi huondoka na yale maji, na inayobaki huliwa na bakteria, kwa hiyo jibini ngumu iliyokomaa huwa nayo kidogo sana. Ricotta hutengenezwa kwa maji hayohayo, hivyo usianze nayo. Mwenye mzio wa protini ya maziwa, hili halikuhusu: usiguse.

2. Imegandishwa kwa kitu gani?
Nyingine ni kwa ndimu au siki. Nyingi ni kwa reneti, kimeng'enya ambacho asili yake ni tumbo la ndama, ingawa siku hizi ipo pia ya kutoka kwa vijidudu kama kuvu. Muislamu, au mtu asiyekula nyama, ana haki ya kuuliza.

3. Maziwa yalipashwa moto?
Sisi tunaosoma afya kwenye bonde lenye wafugaji tunajua maziwa mabichi yanaweza kubeba Brusela. Nyuzi joto 72 kwa sekunde 15 zinatosha kuiua. Mjamzito aepuke kabisa jibini laini ya maziwa mabichi, kwa sababu ya Listeria.

Ukiona mishipa ya bluu, usikimbie. Ni kuvu aliyepandwa makusudi, Penicillium roqueforti. Ila kuvu aliyejiotea mwenyewe kwenye jibini laini uliyoisahau gheto, tupa yote.

Mwisho sema, "Naomba nionje kidogo." Ukiipenda, chukua gramu 100 tu, bumu lina kazi nyingine.

Zoezi la nyumbani: chemsha lita moja ya maziwa, epua, kamulia ndimu mbili, koroga taratibu mpaka yakatike. Chuja kwa kitambaa safi, tia chumvi, ule siku hiyohiyo. Imekaa muda gani? Imegandishwa kwa kitu gani? Maziwa yalipashwa moto? Majibu yote unayo, na kaunta ya Dar haina swali gumu kuliko hayo.